Filta Mpya ya Panzi

Panzi hakuwahi kuzima kwenye tambarare, na hapo ndipo penye kichekesho. Kwenye barabara ya vumbi mbele ya nyumba alikwenda akirukaruka kama aliyealikwa harusini. Kwenye shamba la chini, lililo sawa kama meza, alilima kutwa bila hata kikohozi. Lakini mwelekeze kwenye kile kipande cha mwinuko nyuma ya banda, afike katikati tu, basi. Alianza kukohoa, akatoa moshi mweupe, akatetemeka mabega kama mtu mwenye homa, kisha akazima puu, jembe likiwa bado ndani ya udongo.

Panzi alikuwa trekta dogo la dizeli, rangi ya kijani, kimo chake kikimfikia mtu mzima kifuani. Jina alipewa na baba wa nyumba hiyo enzi za uhai wake, kwa sababu ya rangi na kwa sababu ukiachia klachi kwa pupa alichupa. Siku hizi majirani walisema jina hilo limepitwa na wakati. Aitwe Kinyonga, walisema: hatua moja anatembea, ya pili anafikiria.

Aliyemwendesha ni mke wa kijana wa nyumba hiyo, binti mwembamba ambaye wote walimwita Kimya. Si kwamba hakuwa na maneno. Alikuwa nayo tele, ila yalipanga foleni kooni, na kila neno lilipofikiwa na zamu lilirudi nyuma likawapisha wenzake. Wageni wakimsalimia alijibu kwa kichwa. Akitumwa dukani alinyoosha kidole. Lakini mpandishe kwenye kiti cha Panzi, kile cha chuma chenye mto uliochanika, utamwona mtu mwingine kabisa: mgongo wima, macho mbele, mkono mmoja kwenye usukani, na mdomo unaimba. Aliimba nini, hakuna aliyejua. Injini ilimeza kila kitu, na ndiyo maana aliimba.

Udereva alifundishwa na baba mkwe wake, msimu wa mwisho wa uhai wa mzee huyo. Mumewe mwenyewe alikuwa dereva wa lori la safari ndefu, leo huku kesho kule, akirudi nyumbani kama mgeni na kuondoka kama mwizi. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake wawili, Kimya na mama mkwe wake, na Panzi wa tatu.

Mama alikuwa mwanamke wa kifua kipana na mkono mzito, na usafi wake ulijulikana mitaa yote ya jirani. Uwanja wake ulifagiliwa mpaka kuku waliupita kwa aibu. Sufuria zake zilikuwa vioo. Majirani walimwita Mama Sabuni kisogoni, naye alijua, na moyoni aliona wamempa cheo.

Siku moja Mama alikata kauli.

"Mwanangu," alimwambia Kimya akiwa anasugua kizingiti cha mlango, "mashine isiyopanda kilima ni pambo, na mimi sina sebule ya kuweka pambo la ukubwa ule. Nimemwita yule bwana anayenunua mashine chakavu. Keshokutwa alasiri atakuwa hapa. Panzi akikipanda kile kipande, akashuka, akakipanda tena bila kuzima, mgeni atakunywa chai yake aende zake. Akizima, wataondoka pamoja. Tumeelewana?"

Kimya aliitikia kwa kichwa. Kooni maneno yalisukumana mpaka yakamuuma. Alitaka kusema: Mama, usimuuze, pale juu ya kile kiti ndipo mahali pekee duniani ambapo siogopi mtu. Hakuna lililotoka. Aliingia chumbani, akachukua simu, akamwandikia wifi yake. Kwa maandishi Kimya hakuwa kimya hata kidogo. Aliandika mpaka kidole gumba kikamchoka.

Sasa wifi huyo, dada mdogo wa mumewe, alikuwa muuzaji katika duka la vipuri mjini, na mdomo wake ungeweza kuendesha trekta bila mafuta. Siku ya mnunuzi ilipofika, asubuhi umande haujakauka, Kimya alisikia pikipiki ikisimama nje, na kabla haijazimwa sauti ikapasua uwanja.

"Wifi! Wifi weee! Acha masufuria, toka nje! Nimekuletea bwana mwingine!"

"Bwana gani asubuhi yote hii?" Mama alifoka kutoka uani.

"Bwana wa Panzi, Mama! Shikamoo!"

"Marahaba. Vua viatu hivyo, nimeshafagia."

Wifi alivua viatu, akatembea kwa vidole mpaka bandani akiwa amekumbatia boksi kama mtoto mchanga. Kimya alimkimbilia. Walifungua boksi pamoja, vichwa vimegusana, na kilichotoka humo kilimfanya Kimya ashike mdomo kwa mikono miwili.

Ilikuwa filta ya dizeli, lakini si kama ile ya Panzi. Ya Panzi ilikuwa kikopo cha chuma kisicho na dirisha, kidogo kama kikombe cha kahawa. Hii ilikuwa na kichwa cha aluminiamu kinachong'aa, mwili mrefu maradufu, na chini yake bakuli la plastiki ngumu linaloonyesha ndani kama glasi. Chini ya bakuli palikuwa na koki ndogo ya kufungua kwa vidole.

"Unaona hapa?" wifi alisema, akigonga bakuli kwa ukucha. "Uliponiandikia kwamba anatoa moshi mweupe na anafia kilimani, nilimsomea fundi wetu. Hakufikiri hata kidogo. Akasema huyo anakunywa maji. Maji ni mazito kuliko dizeli, yanalala chini ya tenki. Kwenye tambarare yanalala tu, hayana neno. Ukipanda kilima yanabingirika nyuma, na tundu la kutolea mafuta liko wapi?"

"Nyuma," Kimya alinong'ona.

"Nyuma! Halafu kile kikopo chenu ni kidogo, kikijaa maji kinayapitisha tu kwenda kwenye pampu. Hii hapa, maji yanazama kwenye bakuli, unayaona kwa macho yako, unafungua koki, unayamwaga. Kwisha maneno."

"Maji yanatoka wapi?"

"Sasa hilo ndilo fundi hakujua. Mimi nasema kituo cha mafuta. Wale wanaweza kuchanganya hata uji."

Kazi ilianza. Kimya alifunga koki ya tenki, akatandika gunia chini, akaleta spana na bisibisi. Kabla nati ya kwanza haijalegea, kivuli cha Mama kilijaa mlangoni.

"Beseni liko wapi?"

"Mama, tunatoa filta, hatuogeshi mtoto," wifi alisema.

"Tone moja likigusa sakafu yangu, mtalilamba. Wewe utaanza, una ulimi mrefu."

Beseni lililetwa. Kikopo cha zamani kilikataa kutoka, kikazungushiwa kamba ya mpira, kikavutwa, kikalia kwii, kikakubali. Ndani yake kulikuwa na tope la rangi ya kahawia lenye harufu iliyowafanya wageuze nyuso.

"Ndiyo maana alikuwa anakohoa," wifi alisema akibana pua. "Na mimi ningekohoa."

Lakini filta mpya ilikuwa na mwili mkubwa, na walipoijaribu mahali pa ile ya zamani boneti haikufunga. Waliijaribu kwa juu, ikagusa bomba la moshi. Waliijaribu kwa chini, bakuli likagusana na mkono wa usukani. Wifi alikaa kitako juu ya gunia. Kimya hakukaa. Alizunguka banda akipapasa ukutani, kwenye kona, nyuma ya magunia, mpaka akavuta chuma cha pembe kilichojaa vumbi, chenye matundu yaliyojipanga kutoka mwanzo mpaka mwisho. Alikipima ubavuni mwa Panzi, mbele ya tairi kubwa, mbali na moto na mbali na tope. Matundu mawili yalikaa juu ya boliti mbili kana kwamba yalizaliwa pamoja.

"Wifi!" dada wa mumewe aliruka. "Una akili wewe! Umekitoa wapi?"

"Hicho," Mama alisema polepole kutoka mlangoni, "ni ubavu wa kitanda changu cha harusi."

Msumeno ulikuwa tayari mkononi mwa Kimya. Uliganda hewani.

Mama alikitazama kile chuma kitambo. Kisha akapunga mkono. "Kateni. Kitanda kilivunjika siku nyingi. Baba yenu alilalia pale, sasa na Panzi alalie, wote walikuwa wakikoroma sawasawa."

Walikata, wakapiga tupa kingo, wakafunga. Wifi alishika filta, akaanza kuchomeka mpira wa mafuta, na Kimya akamgusa mkono. Juu ya kichwa cha filta palichorwa mshale. Kimya aliugonga kwa kidole, mara mbili, bila neno.

"Nimeuona, nimeuona," wifi alisema, akigeuza haraka. "Nilikuwa nakujaribu."

"Alaa," alisema Mama.

Vibanio vya mipira vilikazwa. Kimya akafungua koki ya tenki, na wote watatu wakainama. Ndani ya bakuli dizeli iliingia kama chai ya rangi, ikazunguka, ikapanda. Mapovu yakapasuka. Kimya alilegeza skrubu ya kutolea hewa na kuanza kubonyeza pampu ya mkono, chu, chu, chu, na pembeni mwa skrubu povu likatoka likizomea. Chu, chu. Povu likapungua. Chu. Ikatoka dizeli tupu, nyororo kama uzi. Akakaza.

"Sasa?" Mama aliuliza, na sauti yake, ajabu, ilikuwa ya kunong'ona.

Kimya alipanda kwenye kiti. Akageuza ufunguo. Kra-kra-kra, alisema Panzi. Kra-kra. Wifi alikuwa ameuma ncha ya kitenge chake. Kra-kra-kra, pu! Pu-pu! Kisha moto ukashika, na mlio ukatoka mnene, wa mfululizo, mlio ambao banda hilo halikuwa limeusikia tangu mzee alipoondoka. Wifi alipiga kigelegele akaanza kucheza, mabega mbele, mabega nyuma. Mama alisimama imara kwa muda unaotosha kulinda heshima, halafu naye akazungusha ufagio wake hewani mara moja, akakohoa, akaenda zake uani.

Kimya hakungoja kuambiwa. Alimtoa Panzi bandani, akazunguka nyuma, akamwelekeza kwenye mwinuko. Alipita mti mdogo. Alipita shimo la mchwa. Akakaribia jiwe jeupe, pale pale ambapo Panzi alizoea kufia, na mikono yake ikakaza usukani yenyewe. Jiwe likaja. Jiwe likapita. Panzi akaendelea kupanda kama mbuzi, na juu ya kiti Kimya alifumba macho kwa furaha, akakumbuka anaendesha, akayafumbua.

Aliporudi bandani wifi alikuwa anamngoja huku akirukaruka. "Kapanda! Nimeona kwa macho yangu! Mnunuzi aje na lori lake arudi na chai tumboni!"

Kimya aliteremka, akainama kwenye bakuli, na tabasamu likamshuka.

Chini ya dizeli palikuwa na tabaka jingine, jeupe, linalotikisika, na ndani yake vijishanga vya duara vinaviringika. Aliweka chupa tupu ya jemu chini ya koki, akafungua kwa vidole. Yakatoka maji. Hayakuwa matone. Yalitoka mpaka yakafunika kitako cha chupa na kupanda, na juu yake dizeli kidogo ikaelea.

"Si nilisema!" wifi aling'aka. "Wale wezi wa kituo cha mafuta! Naenda sasa hivi, nawamwagia usoni!"

Kimya alitikisa kichwa kukataa. Jirani mwenye mashine ya kusaga alinunua dizeli kituo hicho hicho, na mashine yake ilinguruma tangu asubuhi hadi jioni bila kusita. Aliinua chupa kwenye mwanga. Mahali maji yalipokutana na dizeli palikuwa na utepe mwembamba wa povu. Povu la nini? Dizeli haina povu jeupe vile.

Wakati huo huo, kutoka uani, ikasikika sauti ambayo Kimya alikuwa akiisikia kila asubuhi ya kulima, akiwa ameizoea kama mtu anavyozoea jogoo. Shwa, shwa, shwa. Alichungulia. Mama alikuwa amechuchumaa bombani, ameshika dumu la kutilia dizeli, analisugua kwa sabuni nje na ndani, povu hadi kwenye viwiko. Akalisuuza. Akalitikisa mara mbili. Akalifunika kwa kanga safi, na pamoja na faneli ya kumiminia iliyolowana akaanza kuja navyo bandani, kwenye pipa la mafuta, akiimba.

Kimya aliitazama tena chupa.

Alikumbuka yote kwa mpigo. Enzi za mzee, dumu lile lilikuwa jeusi kama chungu. Hakuliosha hata siku moja, aliona kulipangusa ni kujitia makuu. Mzee alipozikwa, Mama alikataa mtu mwingine asimtilie Panzi mafuta. "Hiyo ilikuwa kazi ya mume wangu," alisema, "na sasa ni yangu." Kitu cha kwanza alichofanya siku ile, macho yakiwa bado mekundu, ni kuchukua dumu jeusi na kulisugua mpaka likarudi kuwa jeupe. Na tangu siku ile alilisugua kila mara kabla ya kulijaza. Tangu msimu ule ule Panzi alianza kufia kilimani.

Alimvuta wifi yake nyuma ya tairi, akamwonyesha dumu kwa kidevu, akamwonyesha chupa. Wifi alitazama huku, akatazama kule. Macho yakamtoka.

"Mama?" alinong'ona. "Mama Sabuni mwenyewe?"

"Mwambie wewe."

"Mimi? Nikisema mimi atasema nimeanza mdomo wangu, nitafukuzwa mpaka lango kuu. Wewe hujawahi kumwambia kitu. Neno lako ni jipya, halijatumika. Jikaze kisabuni, wifi."

Na kana kwamba hayo hayatoshi, lori likaunguruma nje ya uzio. Mnunuzi wa mashine alikuja mapema. Alikuwa mtu mfupi, kofia pana, futi ya kupimia ikining'inia kiunoni, na alikuwa na tabia ya kupiga teke kila kitu chenye tairi. Aliingia bandani akisalimia kwa sauti ya juu, akampiga Panzi teke, akainama kwenye filta mpya, akacheka puani.

"Mmemvalisha kofia mpya mgonjwa wa tumbo," alisema. "Mama, usipoteze muda wako. Mashine hii imezeeka. Mimi nitaibeba tu kwa huruma."

"Huruma yako iweke mfukoni kwanza," alisema Mama. "Atapanda mbele ya macho yako. Ngoja nimjaze tumbo, asiniaibishe."

Aliweka dumu chini ya pipa na kunyoosha mkono kwenye mpira wa kunyonyea.

Kimya alisimama kama kigingi. Wazo la uoga lilimjia, likiwa tamu: nyamaza. Bakuli lipo, litadaka maji. Leo Panzi huenda akapanda, na kila jioni utakuwa unafungua koki kwa siri, na Mama hatajua maisha yake yote. Lakini bakuli lilikuwa dogo, na maji aliyoyaona yalikuwa mengi. Panzi alitakiwa kupanda mara mbili. Na hata akifanikiwa leo, kuna siku Kimya atakuwa mgonjwa, au amesahau, na siku hiyo ndiyo itakayomuuza. Mama alikuwa ameshaushika mpira.

"Mama, usijaze!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyoitarajia. Iligonga bati la paa ikarudi. Mnunuzi aligeuka. Kuku mmoja alitoka mbio.

"Umesemaje?" Mama aliuliza. Hakukasirika bado. Alishangaa tu, kama mtu aliyesikia kabati likizungumza.

"Nimesema, usijaze. Nakuomba, Mama." Kimya alisogea, akafanya kitu ambacho hakuna aliyewahi kukifanya katika nyumba ile: alilichukua dumu kutoka miguuni pa mama mkwe wake. Akalipindua juu ya kiganja chake. Kwanza halikutoa kitu. Kisha maji yakachuruzika kutoka kona ya ndani, yakajaza kiganja, yakamwagika kati ya vidole, na juu yake mapovu madogo ya sabuni yakang'aa.

"Dumu ni safi, Mama," alisema. "Ni safi mno. Ila halijakauka. Halijawahi kukauka." Akainua chupa ya jemu kwa mkono mwingine. "Haya yametoka kwa Panzi sasa hivi."

Mama alitazama kiganja. Akatazama chupa. Akalitazama dumu lake jeupe.

Wa kwanza kusema ni mnunuzi. Alicheka mpaka kofia ikacheza. "Kumbe muuaji ni mama mkwe! Mkwe kamkamata na ushahidi mkononi! Haya nitayasimulia sokoni."

Mama aligeuka polepole, kama lori linalotafuta nafasi. "Wewe. Nani kakuita kwenye mazungumzo ya nyumba yangu?"

"Si wewe, mama? Ulinipigia simu."

"Nilikuita kwenye trekta. Sikukuita kwenye dumu. Kaa pale, unyamaze." Mnunuzi alikaa juu ya gunia bila kujua amekaaje. Mama akamrudia Kimya. "Ulikuwa unaogopa kuniambia?"

Kimya aliitikia kwa kichwa.

"Kwa mdomo. Nimeshajua unao."

"Ndiyo, Mama. Hata sasa naogopa."

Kitu kilianza kusogea tumboni mwa Mama. Kilipanda kifuani, kikatikisa mabega, na kabla mtu hajaelewa kama ni kilio, kikatoka kicheko kikubwa cha chini chini, kicheko cha mtu aliyejikuta ametafuta miwani nayo iko puani. Alijifuta macho kwa upindo wa kanga.

"Baba yenu alikuwa na dumu kama chungu cha mganga," alisema. "Kila siku nilimpigia kelele. Alipokwenda nikasema mashine yake haitakula tena kwenye chombo kichafu. Kumbe nimeinywesha maji ya sabuni msimu mzima!" Akampiga Panzi kofi la ubavuni. "Na bado unatembea wewe? Mimi ningekunywa nusu yake ningekuwa kaburini."

"Kwa hiyo hauzwi, Mama?" wifi alidakia.

"Neno langu ni neno langu. Apande kwanza, ashuke, apande tena. Mgeni ni shahidi."

Walimwaga maji yote yaliyokuwa kwenye bakuli, wakaacha koki wazi mpaka ikatoka dizeli isiyo na hata chembe. Wifi alikausha faneli kwa kitambaa kisha akaipuliza kwa mdomo mpaka mashavu yakavimba. Dumu halikuguswa, mafuta yaliyokuwa tenkini yalitosha. Kimya alipanda kitini.

Ule mpando wa kwanza wote walitembea kando yake, hata mnunuzi. Jembe liliingia udongoni likafungua mtaro mweusi, na Panzi akapanda, mti mdogo, shimo la mchwa, jiwe jeupe, mlio ule ule mnene, moshi mwepesi tu usio na rangi. Mama alikuwa anatembea huku ameshika kichwa. "Twende baba, twende baba," alikuwa anamwambia trekta. Panzi akashuka. Akageuka. Mpando wa pili Kimya aliongeza moto kidogo, kwa raha tu, na Panzi akachupa mbele kama jina lake. Wifi alipiga kelele mpaka sauti ikakwaruza. Alikimbia, akajikwaa, akaendelea kukimbia.

Juu kabisa, ili ageuze, ilimbidi Kimya apunguze injini. Alipunguza. Mlio ulishuka ukawa mnong'ono. Yeye, kwa furaha, alisahau kunyamaza. Na wote waliokuwa mteremkoni walisikia, kwa mara ya kwanza, Kimya huimba nini.

"Wifi ana mdomo, eee, mdomo kama spika," aliimba, macho mbele, mgongo wima. "Akianza asubuhi, eee, jua linazama. Mama ana dumu, eee, dumu linameta, Panzi kalinywea, eee, kaoga mpaka tumboni..."

"Wifi!" dada wa mumewe alipaza sauti kwa mshtuko. "Unaniimba mimi? Siku zote hizi unaniimba?"

Wimbo ulikatika. Kimya aliziba mdomo kwa kiganja, masikio yakamwaka moto. Lakini Mama alikuwa ameketi chini, katikati ya mtaro mpya, na kanga yake safi, kwenye udongo, amejishika mbavu. "Mwacheni aimbe!" alisema akitafuta pumzi. "Rudia hapo pa tumboni, mwanangu! Rudia!"

Mnunuzi alikunywa chai yake amesimama. Alisema mashine ni nzima, hana biashara nayo, na kabla ya kuondoka alimuuliza wifi kwa sauti ya chini filta kama ile inapatikana duka gani, maana lori lake nalo lina kikohozi. Wifi alimwelekeza kwa maneno mengi kuliko yaliyohitajika.

Jua lilipoanza kulegea, dumu lilikuwa limening'inizwa kichwa chini juu ya uzio, mdomo wazi, likipigwa na upepo, na Mama alikuwa ameapa halitaguswa na maji tena mpaka siku ya kiama. Kimya alikuwa anakaza nati za mwisho kwenye ule ubavu wa kitanda aliposikia nyayo. Mama alikuja na kitambaa kikavu. Alikiinua kwenye mwanga ili mkwe wake aone kwamba ni kikavu kweli. Kisha akapiga magoti kando ya Panzi, akalitazama bakuli lile lenye dizeli ya rangi ya chai, lililokuwa na alama ya kidole chenye tope.

"Kwa nje," aliuliza, "naruhusiwa?"

Kimya alifungua mdomo, na neno lililokuwa mbele ya foleni halikurudi nyuma.

"Kwa nje ruhusa, Mama," alisema. "Tena sugua sana."